Koti, Masizi na Wimbo wa Kutwangia

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana goti langu hili la kushoto linaikumbuka kila mvua inapotaka kunyesha, palikuwa na watu wakiitwa Wandengwa, na mlima wao ukiitwa Itule. Msiutafute kwenye ramani. Aliyechora ramani alikuwa mtu wa Serikali, na Serikali ya hadithi hii ilikuwa na sababu zake za kutouandika. Ninaposema Serikali nasema ile, si hii yenu, kwa hiyo acheni kugeuka nyuma kuangalia nani anasikiliza.

Juzi redio ilikuwa inaeleza habari za Wacherokee, wenyeji wa Amerika. Eti waliondolewa kwenye ardhi yao kwa mikataba, wakaahidiwa malipo, na malipo yakachelewa, yakachelewa tena, mpaka walioahidiwa wakazeeka na wengine wakazikwa. Mkwe wangu akaguna, akasema maskini, watu wa mbali wana mambo. Nikamwambia mbali wapi? Zima hiyo redio nikusimulie ya Itule. Akazima. Na nyie tulieni, na mwenye karanga agawe au aache kutafuna.

Itule ulikuwa na chemchemi kileleni. Maji yake baridi mpaka yanauma meno, mepesi, hayana ladha ya kitu chochote, na maji mazuri ndivyo yalivyo. Serikali ikautaka mlima. Wengine wanasema iliutaka kwa ajili ya mbao. Wengine wanasema mkubwa mmoja wa boma alikuwa hapendi joto, akataka nyumba ya juu. Mimi naamini la joto, kwa sababu nyumba niliiona, mbao sikuziona.

Wakaja na meza, bendera, mkalimani na karatasi. Mkalimani akasoma: Wandengwa watashuka mlimani, wakae bonde la Kavumbi, na Serikali itawalipa kila mwaka baada ya mavuno, kila kichwa, blanketi moja, jembe moja na kibuyu cha chumvi. Wazee wakaweka dole gumba. Walikuwa wajinga? Hapana, msiniletee hayo. Walikuwa wamesimamiwa na askari wenye bunduki, na ukisimamiwa na bunduki hata wewe mbishi ungekuwa msikivu.

Wakashuka. Mwaka wa kwanza nusu ya watu walipata jembe. Mwaka wa pili walipata salamu. Mwaka wa tatu hata salamu hazikuja.

Na Kavumbi maji yake ni ya magadi. Ukichemsha, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Mtoto akiyanywa tangu kuzaliwa, meno yanatoka ya kahawia, na akianza kutembea magoti yanapinda. Ungewaona watoto wa Kavumbi wanakimbia ungecheka, kisha ungejionea aibu. Kwa hiyo mkisikia watu wanagombana katika hadithi hii, jueni kwamba hawagombei blanketi. Wanagombea magoti ya watoto.

Sasa shikeni watu watatu. Watatu tu, msije mkasema nimewachanganya.

Wa kwanza ni Namweta. Siku ya mkataba alikuwa bibi harusi wa juzi tu, na wazee wakampa yeye karatasi aitunze, kwa sababu nyumba yake ilikuwa mpya na haivuji. Namweta alikuwa mtu wa kushika neno. Wandengwa kitu cha thamani hawakifungii sandukuni. Wanakitundika darini, juu ya mafiga, pale pale wanapotundika mbegu, ili moshi ukikaushe na wadudu wasikiguse. Mahindi ya mbegu yanakaa humo misimu na misimu bila tundu moja. Basi Namweta akaitundika karatasi ya Serikali katikati ya mahindi hayo ya mbegu, akakoleza moto chini yake asubuhi na jioni. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mama mkwe wake mwenyewe alipewa makavu kwa kuinyooshea kijiti.

Mwaka mmoja nyumba ikaungua. Ndani kulikuwa na mbuzi wawili na kanga zake zote za harusi. Namweta akaingia kwenye moto, akatoka na karatasi. Mkono wake wa kulia ukabaki na vidole viwili vilivyoshikana. Mumewe alimuuliza habari za mbuzi mpaka siku anakufa.

Wa pili ni Kihemba, shemeji yake Namweta, mtu wa miguu mirefu. Huyu kila mwaka baada ya mavuno alifunga viazi kwenye kitambaa, akatembea siku tatu mpaka boma. Akafika. Akaambiwa aweke dole gumba kwenye daftari la wageni, mbele ya maneno “amekuja kudai”. Akaweka. Akauliza, malipo yako wapi? Akaambiwa, yako njiani. Akarudi siku tatu.

Mwaka uliofuata akatembea siku tatu. Akafika. Akaweka dole. Malipo yako wapi? Yako njiani. Akarudi siku tatu.

Karani alibadilika, kiti hakikubadilika. Akaja karani mnene, akasema yako njiani. Akaja karani mwembamba, akasema yako njiani. Akaja mmoja mcha Mungu sana, akamwombea kwanza, halafu akasema yako njiani. Kihemba akawa anaangalia njia yote anapokwenda na anaporudi, asije akapishana na hayo malipo bila kujua. Watu wa vijiji vya kandokando wakamzoea, wakawa wanapanga mambo kwa safari zake: tutamwoza binti yetu, Kihemba akipita.

Mwaka wa kumi na tisa alifika boma amelowa, mwezi wa sita, baridi imemwingia mpaka meno yanagongana. Mkubwa wa siku hiyo akamhurumia, au akajifanya. Akavua koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba, akampa. Akasema weka dole hapa, ni la koti tu. Kihemba akaweka. Mwaka wa ishirini akatembea siku tatu, akafika, akauliza malipo yako wapi. Hawakusema yako njiani. Walisema, nyinyi mmeshalipwa, hii hapa karatasi: “Nimepokea yote ya Wandengwa. Kihemba.” Na dole lake hilo hapo chini, limekaa vizuri kabisa.

Alijua au hakujua alichokuwa anakitilia dole? Mwenyewe alisema hakujua. Lakini nisikilizeni. Lile koti hakuna Mndengwa aliyewahi kumwona nalo. Alilificha kwa rafiki yake ng'ambo ya mto. Akivuka kwenda boma analivaa, akivuka kurudi analivua. Mtu asiyejua kitu havui koti kwenye baridi. Hata hivyo hakuacha kwenda. Miaka ishirini na miwili baada ya lile koti alitembea, akaweka dole mbele ya “amekuja kudai”, akafukuzwa, akarudi, na mwaka uliofuata akaenda tena.

Wa tatu ni Sikitu, na huyu shikeni vikombe vyenu. Siku ya mkataba alikuwa msichana, amesimama nyuma ya umati akisikiliza mkalimani. Kufika jioni alikuwa ameshatunga wimbo wa kutwangia, maneno yote ya mkataba ndani. Wanawake wakaupenda kwa sababu unakwenda na mchi. Waliposhuka Kavumbi wakashuka nao. Binti akifundishwa kutwanga anafundishwa na wimbo. Sikitu mwenyewe aliolewa mara mbili, mara mbili akaachwa, hakupata mtoto. Akaishia kuimba kwenye vilabu vya pombe, na watu wakimsikia anakuja wanafurahi, halafu wanamalizia vikombe vyao haraka.

Jambo moja zaidi, kisha twende. Kwa Wandengwa jina haliokotwi. Mjukuu wa kiume anachukua la babu, wa kike la bibi, kwa damu tu. Kumpa mtoto jina la mtu asiye wa damu yake ni kumwitia mauti, ndivyo walivyoamini. Ukifa bila mjukuu, jina lako linazikwa nawe na halitajwi tena. Kihemba alikuwa na wajukuu wa kiume watano, wote Kihemba. Ukiita Kihemba katika ule ua, zinageuka shingo tano na mbuzi mmoja. Namweta alikuwa na mjukuu wa kike mmoja, wa miaka mitatu, amepinda magoti, anaumwaumwa. Sikitu hakuwa na mtu.

Miaka arobaini na moja ikatimia. Siku hiyo pikapu ikaingia Kavumbi, na ndani yake karani mpya aitwaye Bwana Osmundi, mtu mwenye mafua na miwani. Serikali ilikuwa imetoa amri kwamba madeni yote ya zamani yachunguzwe na mafaili yafungwe kabla ya masika. Osmundi akawaeleza wazi, na kwa hilo namheshimu. Faili litafungwa kwa kulipwa au kwa kufutwa. Ili lisifutwe anataka vitu vitatu: mkataba wenyewe halisi, maneno yake ni yapi, na ushahidi kwamba deni halikulala hata miaka kumi na miwili bila kudaiwa. Nakala ya Serikali, akasema akitazama viatu vyake, ililiwa na mchwa.

Watu wakamtazama Namweta, wakatabasamu. Mchwa waliiweza ya Serikali, ya kwetu watathubutu? Namweta akaenda nyumbani kwa kiburi, akarudi ameishika kwa mikono miwili, akaiweka mezani.

Osmundi akaitazama. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Moshi wa miaka arobaini na moja. Hakuna mdudu aliyeigusa, hakuna kona iliyopungua, na hakuna herufi moja iliyoonekana. Akaigeuza nyuma, nyeusi. Akaielekeza juani, nyeusi. Akapiga chafya tatu.

“Bibi,” akasema, “hapa panasomwa nini?”

Katika miaka yote ile Namweta hakuwahi kuishusha kuitazama, kwa sababu mbegu huishushi mpaka siku ya kupanda. Nasikia ndiyo mara ya kwanza watu walimwona analia, na alilia kwa hasira.

Lakini Osmundi alikuwa mtu wa kazi yake. Akafumba macho, akapitisha kidole sehemu ya chini ya karatasi, polepole, na kidole kikasimama. Muhuri wa Serikali, ule wa kubonyeza wenye alama iliyovimba, ulikuwa bado upo. Akaupapasa wote. Akafungua macho, akaandika: mkataba halisi upo. Kisha akauliza, na maneno?

Wakamfuata Sikitu klabuni. Akaja anayumba kidogo, akakataa kuimba mpaka aletewe kinu, eti bila mchi maneno hayatoki. Kikaletwa kinu na mahindi. Akatwanga mara mbili tatu kupata mwendo, kisha akaanza:

Twanga dada, twanga dada,
Serikali imesema:
kila mwaka, kila kichwa,
blanketi moja na jembe,
na chumvi kibuyu tele.

Wanawake wote wakaitikia, wenye mchi na wasio na mchi, mpaka Osmundi naye kalamu yake ikawa inagonga meza. Sikitu akavuta pumzi, akaingia ubeti wa pili:

Twanga dada, twanga dada,
wasipoleta chochote,
arobaini ikipita,
chemchemi yetu Itule
itarudi kwa wenyewe.

Osmundi akaandika yote. Akauliza watu, ndivyo ulivyosema mkataba? Vinywa mia sita vikasema ndivyo. Na hawakudanganya. Ndivyo walivyofundishwa na mama zao juu ya kinu.

La tatu lilikuwa jepesi, au walidhani ni jepesi. Osmundi akafungua madaftari ya boma, na dole la Kihemba lilikuwa humo mara arobaini na moja, mwaka kwa mwaka. Watoto wa Kihemba wakaanza kupiga makofi. Ndipo Osmundi akatoa karatasi nyingine kwenye faili, akaisoma bila kupandisha sauti. Nimepokea yote ya Wandengwa. Kihemba.

Makofi yakaisha. Kihemba akainuka, akaondoka, watu wakadhani amekimbia. Mto haukuwa mbali. Akarudi amebeba lile koti, akalilaza mezani juu ya madaftari. Vifungo vya shaba vilikuwa vimeng'aa kwa kusuguliwa.

“Nilipewa hili,” akasema. “Nilikuwa nasikia baridi. Nilipofika mtoni nikirudi, nilijua nimefanya kitu, maana nililivua.”

Osmundi akafuta miwani, akafikiri. Akasema hivi: aliyelipwa hadai, na Serikali imempokea mtu huyu kama mdai miaka ishirini na miwili baada ya risiti hii, imempa daftari na wino wa dole kila mwaka. Kwa hiyo risiti ya koti ni ya koti. Akaichana? Hapana, karani hachani karatasi. Aliiweka nyuma kabisa ya faili, ambako karatasi hufia zenyewe.

Akapeleka taarifa kwa wakubwa. Walipopiga hesabu ya mablanketi, majembe na chumvi ya miaka arobaini na moja, nasikia mmoja aliomba maji. Walipofika ubeti wa pili, wakapumua. Chemchemi? Wapeni chemchemi. Yule mkubwa aliyechukia joto alishakufa, nyumba ya kileleni ina popo. Wakamrudisha Osmundi na fomu moja, na wakajiona wajanja sana, kwa sababu fomu ilisema: maji ya Itule na njia ya kuyafikia ni ya Wandengwa wote, maadamu yu hai mwenye jina lililoandikwa hapa. Mstari wa jina ulikuwa mmoja. Na jina liwe la mmoja kati ya wale watatu waliothibitisha deni, basi. Wakubwa walihesabu hivi: wazee watatu, hata mmoja hafiki mvua tano, tukisubiri kidogo tu tunarudishiwa mlima.

Osmundi alipoisoma, Wandengwa waliinamisha vichwa. Osmundi akadhani wamehuzunika. Walikuwa wanaficha meno. Kihemba watano, jamani. Nani atamalizika?

Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu ilibidi jina liandikwe kabla ya saa sita, gari lirudi boma siku ile ile faili lifungwe. Kuchelewa ni kufutwa.

Watoto wa Kihemba wakasema mambo yameisha, aandikwe baba. Umati ukaanza kukubali. Kihemba mwenyewe akasimama.

“Sijisifu,” akasema. “Lakini nimetembea. Kama si dole langu deni lingelala, na kama lingelala mngekuwa hamna cha kuandika leo. Kosa langu nimelibeba miaka ishirini na miwili kwa miguu. Na jina langu lina vijana watano. Maji hayo yatakuwa yenu mpaka wajukuu wa wajukuu. Andikeni, kisha mnitukane mkipenda.”

Namweta akacheka kicheko kibaya. Akainua ule mkono wa vidole vilivyoshikana.

“Shemeji, wewe ulipata koti, mimi nilipata huu. Niliacha mbuzi wangu waungue, kanga zangu, na sikuahidiwa hata kifungo. Leo kila mtoto akienda kuchota aseme nachota kwa Kihemba, yule aliyetuuza sote kwa sababu alisikia baridi? Nani hapa hakusikia baridi? Yale mablanketi yalikuwa ya nani?”

Mmoja wa akina Kihemba akasema kwa upole kwamba bibi, jina lako lina mtoto mmoja tu, na huyo mtoto tangu masika hajatoka homa. Mungu akimchukua, itakuwaje? Namweta akamtazama mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, akasema akinywa maji mazuri atapona. Alisema kama mtu anayetoa amri.

Na tena, mwingine akasema, karatasi uliitia masizi. Namweta akamjibu, niliitunza kama nilivyofundishwa na mama yako, kwa hiyo kamuulize mama yako. Wakaanza kurushiana maneno, ukoo kwa ukoo. Saa tano ikapita. Dereva akaanza kupasha gari moto.

Sikitu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kinu. Sasa akasema, na hakusema kwa sauti kubwa.

“Chemchemi haimo kwenye mkataba.”

Waliokuwa karibu wakageuka. Waliokuwa mbali wakaulizana amesemaje.

“Haimo. Mkalimani alisoma blanketi, jembe, chumvi, akakunja karatasi. Nilipokuwa natunga, nikaona wimbo umeishia kwenye chumvi, na mimi nina kiu, na najua kesho tunashuka. Nikaongeza ubeti. Nilikuwa msichana, nilitaka waimbaji wacheke. Nyinyi mkaushika mkaufanya sheria. Kwa hiyo karatasi ya Namweta imeshika muhuri, dole la Kihemba limeshika deni, lakini hayo maji mnayogombania yametoka kinywani mwangu. Hayakutoka mahali pengine popote.”

Wote wakamtazama Osmundi. Osmundi alikuwa ametoa leso, anapenga kamasi, anapenga, anapenga, hamalizi. Alipomaliza akasema mafua haya yameziba masikio yake kabisa, tangu muda mrefu kidogo hasikii lolote, na kama kuna aliyesema kitu asirudie.

Namweta alikuwepo siku ya mkataba. Wakamuuliza, ni kweli? Alikuwa ameuimba ule ubeti miaka arobaini na moja. Hakujua tena alichosikia kwa mkalimani na alichosikia kwenye kinu. Kihemba naye hakujua. Na karatasi, mnakumbuka, ilikuwa nyeusi.

“Sasa unataka nini?” Namweta akamuuliza.

“Andikeni Sikitu.”

Watu wakaguna. Mama mmoja akamwambia dada, jina lako halina mtu. Siku tutakayokuzika ndiyo siku watakayotufungia maji.

“Najua kuhesabu,” Sikitu akasema. “Maji yenyewe siyapendi sana, na nyinyi mnajua ninachokunywa. Ila nimelea watoto wenu wote kwa wimbo wangu, na hakuna hata mmoja anayeitwa kwa jina langu. Nikifa itakuwa kama sikupita. Nataka hata mtu wa Serikali, siku moja, afungue kitabu chake asome Sikitu. Labda nitaishi miaka kumi. Miaka kumi ya magoti yaliyonyooka si haba, na haya magoti nimewapa mimi.”

Wale wanawake wa kinu, ambao walikuwa wanamficha vikombe, wengine walikuwa wanafuta macho kwa ncha za kanga.

Mke wa mmoja wa akina Kihemba, mjamzito wa miezi minane, akasema huyu wangu akiwa wa kike namwita Sikitu. Alisema polepole lakini alisema. Mama mkwe wake akamshika mkono akamketisha chini kwa nguvu, akamuuliza unataka kumuua mtoto? Sikitu akatazama lile tumbo, akasema mwacheni, msimtishe mtoto.

Dereva akapiga honi. Osmundi akachovya kalamu, akaishika juu ya mstari. Wino ulikuwa umeshaanza kutengeneza tone.

Mnanitazama. Najua mnataka niseme kilichoandikwa, nami sisemi. Yule mtoto mgongoni, wa magoti yaliyopinda, alikuwa mimi. Mimi ndiye Namweta wa pili. Bibi alikuwa ananinyooshea kidole chake kilichoungua, Kihemba alikuwa amenipa kifungo cha shaba nikichezee ninyamaze, na huyo Sikitu ndiye aliyenifundisha wimbo. Mtu wa namna hiyo haamui, kwa hiyo kalamu nawapa nyinyi.

Wino unakaribia kudondoka, na mtoto analia kiu. Utaandika jina lisilokufa, la aliyekuuza kwa koti? La aliyeungua, linaloning'inia kwa mtoto mgonjwa? Au la mwongo mlevi aliyekupa maji yasiyokuwepo, ujue siku ya kumzika utarudi Kavumbi kunywa magadi?

Usiseme wote watatu. Mstari ni mmoja.

Je, ungekuwa wewe, nani alistahili?